Nilimnunulia Mke Wangu Dawa ya Jino, Nusura Nimpoteze

Alitoka hospitali akitabasamu, moyo wake ukiwa umetengenezwa. Wiki tisa baadaye damu ikagoma kukata, na aliyeleta balaa ndani ya nyumba nilikuwa mimi mwenyewe, na mfuko mdogo wa kaki mkononi.

Usiku ukitulia kabisa, feni imezimwa na majirani wamelala, nausikia moyo wa mke wangu. Sisemi kimapenzi jamani, nausikia kweli. Tik, tik, tik, kama saa ya mkono iliyofunikwa na mto. Ni valvu ya bandia, kitu kidogo cha kaboni ngumu kinachofunguka na kujifunga kila moyo unapopiga. Wiki za mwanzo nilishindwa kulala. Siku hizi nisipoisikia ndiyo silali.

Tulioana mwaka 2019. Yeye mhasibu, mimi nafanya kazi katika kampuni ya usafirishaji mizigo, makazi yetu Tabata. Maisha ya kawaida ya vijana wa Dar: foleni asubuhi, foleni jioni, wikiendi mara harusi, mara kitchen party. Alikuwa akichoka haraka akipanda ngazi, tukawa tunataniana kwamba amezeeka kabla ya wakati. Kumbe hakuwa amezeeka. Alipokuwa mtoto aliugua koo mara kwa mara, halafu akapata homa ya baridi yabisi ya moyo, ile inayowashika hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Vijidudu vya koo vinaondoka, lakini kinga ya mwili inaendelea kushambulia valvu za moyo hadi zinakuwa na makovu. Makovu hayo yalikaa kimya miaka mingi, yakajitokeza akiwa na umri wa miaka 28.

Juni 2022 alifanyiwa upasuaji, valvu moja iliyokuwa imeharibika ikatolewa, ikawekwa ya bandia. Siku anatoka wodini nililia mbele ya manesi bila aibu. Nikajua yameisha. Kwa kweli, ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

KIDONGE CHA SAA 2 USIKU

Tuliruhusiwa na bahasha ya dawa, daftari dogo la kliniki na maelezo ya kama dakika kumi. Dawa kubwa kuliko zote ilikuwa warfarini. Sista alisema, "Hii ni ya maisha. Kila siku, saa ileile, na msikose kuja kupima damu." Tukaitikia kwa vichwa. Si unajua ukiwa unatoka hospitali baada ya wiki tatu, masikio yako yameshafika nyumbani kabla yako?

Leo naielewa vizuri, ngoja nikueleze kwa lugha ya sebuleni. Damu ikigusa kitu kigeni mwilini inataka kuganda. Valvu ya bandia ni kitu kigeni. Bonge la damu likiganda pale, valvu inaweza kukwama, au bonge likachomoka na kwenda kichwani, mtu akapata kiharusi. Kwa hiyo damu inazuiwa isigande kirahisi. Watu husema dawa hii "inayeyusha damu", lakini damu haiwi maji. Ini letu linatumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na warfarini inalizuia ini lisiitumie vizuri vitamini hiyo.

Historia yake inashangaza. Katika miaka ya 1920 ng'ombe huko Marekani na Kanada walianza kufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu yaliyooza. Wanasayansi wa Wisconsin wakaigundua kemikali iliyohusika, na mwaka 1948 ndugu yake, warfarini, ikaingia sokoni kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kutumiwa na binadamu, na mwaka uliofuata alipewa Rais Eisenhower alipopata mshtuko wa moyo. Dawa ileile, kipimo tu ndicho kinachotofautisha. Neno "kipimo" likumbuke, maana ndilo lililotuponza.

Kipimo chenyewe kinaitwa INR. Mtu asiyetumia dawa hii anakuwa na namba 1 hivi. Mke wangu, kwa valvu iliyopo upande ule, anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye valvu. Ikipanda sana, anaweza kutokwa damu bila hata kujikwaruza. Maisha yetu yote yako kwenye namba hiyo moja.

JIONI ILE YA JUMAMOSI

Agosti hali ilikuwa nzuri. Kipimo cha mwisho kilisoma 2.8, tukaambiwa turudi baada ya wiki nne. Alishaanza kupika, kucheka, hata kunigombeza kwa kuacha taulo kitandani. Raha.

Jumamosi moja jino likamkaba. Shavu limevimba, machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa na haraka, mechi ilikuwa inaanza saa moja. Nikakimbia duka la dawa la mtaani, nikamwambia kijana, "Mke wangu jino linamuua." Akanipa metronidazoli na diklofenaki, akafunga kwenye mfuko wa kaki, akaandika moja mara tatu. Hakuniuliza kama mgonjwa anatumia dawa nyingine. Na mimi sikusema.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza, "Baba, umemwambia natumia dawa ya moyo?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Msomaji, ule ulikuwa uongo. Uongo mdogo kabisa, wa aina tunayosema kila siku ili tuachwe tukae. "Umelipa luku?" Ndiyo. "Umempigia mama?" Ndiyo. Akameza. Mimi nikaangalia mpira.

Siku ya pili jino likatulia, nikajiona shujaa. Siku ya nne akinawa uso niliona mate yake yana damu. Nikasema ni mswaki. Siku ya tano akaonyesha alama ya damu iliyovilia kwenye paja, pana kama kiganja, na hakumbuki kujigonga popote. Siku hiyohiyo akaingia kwenye siku zake. Siku ya sita alikuwa anabadilisha pedi kila baada ya saa moja.

Hapo ndipo wanaume wengi tunaharibu. Mambo ya hedhi tumefundishwa kuyakimbia. Nikamwambia, "Labda safari hii ni nzito tu, pumzika." Mama yangu alikuja kumwona, akanivuta pembeni jikoni akanong'ona, "Mwanangu, hiyo ni mimba imetoka. Asingekuficha." Akamchemshia tangawizi nzito. Mke wangu aliyasikia maneno yale. Hakusema kitu, akageukia ukutani.

Usiku wa kuamkia siku ya nane aliamka kwenda chooni. Nilisikia kishindo. Nilimkuta chini, midomo imekuwa myeupe, vigae vimejaa damu. Saa 10 alfajiri nilikuwa kwenye Bajaji nimempakata, nahesabu tik, tik, tik, na kila nikiipoteza ile sauti kwa ajili ya kelele za injini nilitamani nimpige dereva ngumi azime.

"NANI ALIMPA HIZI DAWA?"

INR ilisoma zaidi ya 9. Wingi wa damu ulikuwa 5.8, wakati mwanamke mwenye afya anatakiwa awe na 12 au zaidi. Kipimo cha mimba kilisema hapana. Hakukuwa na mimba, haikutoka mimba. Ilikuwa dawa.

Daktari aliomba kila kitu alichomeza wiki ile. Nilikuwa nimebeba ule mfuko wa kaki mfukoni, sijui hata kwa nini. Akausoma, akanyanyua macho. "Nani alimpa hizi dawa?"

Nikasema, "Mimi."

Hakunifokea. Alichora kwenye karatasi. Warfarini huvunjwavunjwa na ini. Metronidazoli inalizuia ini lisifanye kazi hiyo, kwa hiyo kile kidonge cha saa 2 usiku kilikuwa kinarundikana mwilini siku baada ya siku, kana kwamba anameza dozi zaidi na zaidi. Diklofenaki nayo inazidhoofisha chembe sahani, zile zinazoziba tundu la kwanza mshipa unapojeruhiwa, na inachubua ukuta wa tumbo. Moja ilifungua bomba, nyingine ikamzuia fundi.

Halafu kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Nilidhani watamchoma vitamini K nyingi damu ikate, basi. Daktari akasema si rahisi hivyo. Ukiirudisha damu kwa pupa kwenye hali ya kuganda, valvu inaweza kuganda pia, na hapo utakuwa umemtoa kwenye moto umemtia kwenye maji ya kina. Wakasimamisha warfarini, wakampa vitamini K kwa tahadhari, wakamwongezea plazima na damu, wanapima, wanasubiri, wanapima tena.

Damu ilihitajika. Niliandika ujumbe mmoja kwenye kundi la kazini. Walikuja wanne, mmoja ni jamaa ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa miezi sita kwa sababu ya ugomvi wa kipuuzi wa maegesho. Alikunja mkono wa shati akasema, "Shemeji yetu huyo." Siwezi kusahau.

NILIPOUNGAMA

Siku ya tatu wodini alifumbua macho vizuri. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani yule wa duka ulimwambia, akatoa tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kijana wa duka asingekuja kunisuta. Lakini nilikuwa nimeshaona ndiyo moja inavyoweza kufanya. Nikamwambia, "Sikumwambia. Nilikudanganya. Nilikuwa nawahi mpira."

Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Nenda nyumbani ukaoge." Hakuongea nami siku mbili zaidi ya kuomba maji. Baadaye aliniambia kilichomuuma hakikuwa dawa. Dawa ni kutojua. Kilichomuuma ni kwamba tangu atoke hospitali alikuwa na hofu kila siku, na mimi nilikuwa namjibu ili anyamaze, sio ili apone. Neno hilo lilinichapa kuliko maneno ya daktari.

Wapenzi wasomaji, ugonjwa wa mmoja ndani ya nyumba ni wa wawili. Mwenye kidonda kifuani ni yeye, lakini mwenye kukimbilia duka la dawa ni wewe. Kama hujui anatumia nini, wewe ni hatari kwake hata ukimpenda kama roho yako.

NA MTOTO JE?

Swali hili kila shangazi anatuuliza. Tulilikwepa mwaka mzima, hadi damu ile ikatulazimisha. Tulikwenda kliniki pamoja, kwa mara ya kwanza nikaingia ndani badala ya kukaa kwenye gari na simu.

Ukweli ni huu. Warfarini inavuka kondo na inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba, na hatari inaongezeka dozi inapozidi miligramu 5 kwa siku. Kuiacha ghafla nako kunamhatarisha mama. Madaktari wana njia, mfano kubadilisha kwa sindano za heparini katika vipindi fulani, lakini lazima mimba ipangwe kabla, na daktari wa moyo na wa uzazi wakae meza moja. Mimba ya kushtukiza kwake si habari njema ya kupigiwa vigelegele, ni dharura. Kwa hiyo tunapanga uzazi, na njia yenyewe tulichagua kwa ushauri, kwa sababu baadhi ya njia huongeza damu ya hedhi na nyingine huongeza uwezekano wa damu kuganda.

Kuna rafiki aliniuliza, kwani hakuna dawa mpya zisizohitaji kupima kila mara? Zipo, na zinawasaidia wagonjwa wengi wa moyo. Ila kwa valvu za bandia kama yake hazifai. Mwaka 2012 utafiti uliojaribu mojawapo, dabigatrani, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliotumia walipata mabonge ya damu zaidi na pia walitokwa damu zaidi. Warfarini, pamoja na vituko vyake, ndiyo mkombozi wetu.

Mama yangu nilimweleza kwa kuchora, kama nilivyochorewa. Alilia. Alimwendea mkwewe akamwambia, "Mama, nilikusema vibaya jikoni." Siku hizi yeye ndiye polisi wa saa 2 usiku. Anapiga simu kutoka Morogoro, hasalimii, anauliza tu, "Amemeza?"

SIO VALVU TU

Usifunge ukurasa ukidhani haya hayakuhusu. Labda baba yako alipata mshtuko wa moyo akawekewa stenti, ule mrija mdogo wa waya unaopanua mshipa. Watu hao hutoka hospitali na aspirini pamoja na dawa nyingine kama klopidogreli. Mtu wa namna hiyo akiongeza diklofenaki au ibuprofeni za mgongo, tumbo linaweza kutoka damu kimyakimya. Kosa jingine ni kinyume chake: anaona ufizi umetoka damu kidogo, anaacha dawa zote bila kumwambia mtu, stenti inaganda. Ukiona damu usijiamulie. Nenda hospitali.

MAMBO TUNAYOYAFUATA NYUMBANI KWETU

1. Kila tunapoingia duka la dawa, kwa daktari wa meno au zahanati yoyote, sentensi ya kwanza ni: "Mgonjwa anatumia warfarini." Kabla ya salamu ikibidi. Ana kadi kwenye pochi, mimi nina picha yake kwenye simu.

2. Maumivu ya kawaida ni parasetamoli, kwa dozi ya kawaida na kwa siku chache. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hazigusi bila daktari wake kusema. Dawa nyingi za vijidudu na fangasi zinapandisha INR, kama metronidazoli, septrini na flukonazoli. Nyingine zinaishusha, kama rifampisini ya kifua kikuu. Akiandikiwa yoyote, tunauliza lini arudi kupima.

3. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K. Havijakatazwa! Cha muhimu ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Usile mboga siku saba mfululizo halafu uache mwezi mzima.

4. Mitishamba, vidonge vya kitunguu saumu na "virutubisho" vya kwenye mitandao tumeviweka pembeni. Pombe vilevile, maana nayo inavuruga namba.

5. Akisahau kidonge, hamezi viwili kesho yake. Tunaandika kwenye daftari na kuwaambia kliniki.

6. Mswaki laini, na meno yanakaguliwa mapema. Jino bovu kwa mtu mwenye valvu ya bandia si la kuchezea, bakteria wake wanaweza kufika kwenye moyo. Jino lile ningempeleka kwa daktari, sio kulinyamazisha.

7. Sindano ya kwenye msuli, kung'oa jino au upasuaji wowote: anauliza kwanza.

8. Tunakwenda hospitali siku hiyohiyo tukiona: choo cheusi kama lami au chenye damu, mkojo mwekundu, kutapika kitu kama kahawa, damu ya pua isiyokata, hedhi ya kujaza pedi kila saa, alama za damu bila kugongwa, au kichwa kuuma ghafla sana. Akianguka na kugonga kichwa, hata akisema yuko sawa, tunakwenda.

Tangu kipindi kile hajalazwa tena kwa kutokwa damu. Namba zake nimeziandika kwenye simu, ya wiki iliyopita ni 2.9. Nilimtumia ujumbe akiwa kazini, akanijibu kwa alama ya moyo. Nikacheka peke yangu kwenye foleni ya Buguruni.

Suala la mtoto bado tunalizungumza. Kuna siku anataka, kuna siku anaogopa, kuna siku ninayeogopa ni mimi. Tofauti ni kwamba sasa tunaambiana ukweli, hata ule unaochelewesha mpira.

Kama kuna mtu wa moyo nyumbani kwako, leo jioni muombe akuonyeshe dawa zake. Zishike moja moja, soma majina, muulize kila moja ni ya nini. Akikuuliza umeanza lini kujali, usikasirike. Mwambie umeanza leo.